Njia Hutunzwa Kila Wiki, Haisubiri Mwaka

Huko Norwei, Ufini na Kanada kuna nyumba za wageni zilizo ndani kabisa ya misitu, mbali na miji, ambazo riziki yake hutegemea njia za theluji. Wageni huenda huko kusafiri kwa skii, zile mbao nyembamba ndefu zinazofungwa miguuni, kilomita 10 au 20 kwa siku, wakipanda na kushuka kati ya miti. Njia hizo hazijitengenezi zenyewe. Jioni, wageni wakisharudi, mtu hutoka na mashine, hushindilia theluji, husawazisha uso wake, na kuchora upya mifuo miwili ambamo skii zitapita kesho. Asubuhi tangazo hubandikwa ukutani au huwekwa mtandaoni: njia ipi imepitiwa na saa ngapi, ipi ina barafu, ipi imefungwa. Usiku theluji mpya ikianguka, au jua likiyeyusha iliyopo, kazi huanza tena, na hakuna anayelalamika kwamba ya jana ilipotea bure. Wote wanajua kwamba njia ya theluji ni kazi isiyokwisha, na wamepanga watu, fedha na ratiba kwa kuzingatia hilo. Kwa msomaji wa Kilimatinde, katika Mkoa wa Singida, ambako hakuna theluji hata chembe, jambo hili linaweza kuonekana la mbali mno. Lakini barabara ya udongo ni ndugu wa njia ya theluji: zote mbili ni uso uliotengenezwa kwa kitu ambacho hali ya hewa hukibomoa kila siku. Tofauti ni kwamba wenzetu wamelikubali hilo, ilhali sisi bado tunaihesabu barabara ya udongo kuwa kitu kinachojengwa, kikaachwa, kikasubiri greda la mwaka. Nitajaribu kuonyesha kwamba Kilimatinde, na vijiji vingine vingi vya Tanzania ya kati, vinahitaji watu wachache wanaolipwa kuitunza njia kila wiki kuliko vinavyohitaji greda moja linalopita mara moja kwa mwaka.

Yupo Mwafrika Mashariki aliyeijua njia ya theluji kwa miguu yake mwenyewe. Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji wa mita 800, alikwenda Ufini mwaka 1996 kujifunza mchezo wa skii akiwa mgeni kabisa wa theluji. Februari 1998 alishindana katika mbio za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, ambaye alimsubiri mwishoni mwa mbio ili amkumbatie. Kumbatio hilo limesimuliwa sana, na linastahili. Ndani ya habari hiyo, hata hivyo, kuna somo jingine ambalo halikusimuliwa: bingwa wa dunia na mtu aliyejifunza kwa miaka miwili tu walipita njia moja, na njia hiyo iliwafikisha wote wawili. Njia iliyotunzwa haimpokei mwenye nguvu peke yake. Barabara ya kijiji nayo hupimwa hivyo. Gari kubwa linalovuta kwa magurudumu yote manne litapita hata kwenye tope. Kipimo cha kweli ni kama bodaboda iliyombeba mjamzito itapita, kama mkokoteni wa punda wenye magunia ya alizeti utapita, na kama mtoto anayekwenda shule kwa baiskeli atafika bila kuibeba begani.

Ili kuona undugu wa theluji na udongo, tuanze na jinsi theluji inavyogeuzwa njia. Theluji inapoanguka, sehemu yake kubwa ni hewa. Mita moja ya ujazo ya theluji mpya inaweza kuwa na uzito wa kilo 100 au chini ya hapo, ilhali maji ya ujazo huohuo yana kilo 1,000. Anayeikanyaga huzama hadi magotini. Mashine ikiishindilia, hewa hutoka, chembe hukaribiana, na ujazo uleule hufikia kilo 400 na zaidi. Kisha hufuata kazi isiyoonekana kwa macho: kwa muda wa saa kadhaa chembe zilizogusana huungana zenyewe, barafu kwa barafu, mpaka uso mzima unakuwa mgumu. Ndiyo maana njia hutengenezwa jioni au usiku, ipate muda wa kushikamana kabla ya wapita njia wa asubuhi. Ikishindiliwa ikiwa imelowa mno, hugeuka barafu tupu. Na anayeikanyaga kwa viatu ingali laini huacha mashimo yatakayoganda na kumwangusha mwenzake kesho. Kwa sababu hiyo ziko sheria za nani apite wapi na lini, na watu huziheshimu. Nyumba ndogo za wageni zisizo na uwezo wa kununua mashine kubwa zimefanya kazi hiyo kwa pikipiki ya theluji inayoburuta chaga chakavu za vitanda vya chuma, na njia zao zikapitika vizuri. Ustadi wa kazi hii umo katika kuchagua saa na kurudia bila kuchoka. Ukubwa wa mashine huja baadaye.

Udongo nao una saa yake. Mwaka 1933 mhandisi Ralph Proctor wa Los Angeles alionyesha kwamba kila aina ya udongo ina kiwango chake cha unyevu ambacho, ukishindiliwa nacho, hushikamana kuliko wakati mwingine wowote. Ukiwa mkavu mno, chembe hukataa kukaribiana. Ukiwa umelowa mno, maji hushika nafasi ambayo ingeshikwa na udongo. Sasa tufikirie greda linalochonga barabara katikati ya kiangazi, bila boza la maji na bila mashine ya kushindilia nyuma yake. Linakwangua uso uliokwisha kushikamana na kuacha vumbi lililolegea. Kwa wiki chache barabara hupendeza. Baadaye magari yakipita kwa kasi, vumbi hujipanga kuwa mawimbi yanayotikisa gari mpaka bolti zinalegea. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba gurudumu linalopita juu ya mchanga hutengeneza mawimbi hayo kila kasi inapovuka kiwango fulani, hata gurudumu likiwa halina springi. Mawimbi, basi, ni tabia ya uso mkavu uliolegea ukikutana na mwendo kasi. Halafu mvua za Desemba huja na kuliosha lile vumbi lote hadi mtaroni. Baya kuliko yote ni hili: barabara ikichongwa mwaka hadi mwaka bila kurudishiwa kifusi, hushuka. Baada ya miaka mingi inakuwa chini kuliko mashamba ya kando yake, na maji ya mvua hayana pa kwenda ila kuifuata barabara yenyewe. Tendo lililokusudiwa kuiponya linakuwa limeigeuza korongo.

Kilimatinde iko mahali ambapo kosa la namna hiyo huadhibiwa haraka. Mji huu umekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ukitazama bonde la Bahi lililo chini yake kwa zaidi ya mita 200. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, kiasi cha milimita 500 hadi 700 kwa mwaka. Mgeni anaweza kudhani kwamba kwenye mvua haba barabara zitadumu. Lakini mvua ya Ugogo, yaani nchi ya Wagogo, haigawanyiki sawasawa. Huja kwa kishindo, saa moja au mbili, juu ya ardhi iliyokauka kwa miezi saba, yenye majani machache ya kuyapunguza maji kasi. Juu ya uwanda udongo ni mwekundu wa kichanga, unaochimbika upesi maji yakipata mteremko. Chini ya ukingo, kwenye mbuga, udongo ni mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka kiangazi na kunasa magurudumu masika. Barabara inayoteremka kutoka udongo wa kwanza hadi wa pili hupata madhara yote mawili: juu inakatwa na makorongo, chini inazama. Mahali kama hapa maji yanayoachwa kutembea mita 100 ndani ya barabara hufanya uharibifu mkubwa kuliko malori ya mwezi mzima. Mfereji mdogo wa kuyatoa pembeni, uliochimbwa kwa jembe na kuzibuliwa baada ya kila mvua kubwa, una thamani kuliko tani nyingi za kifusi kilichomwagwa bila mfereji.

Historia ya Kilimatinde inatoa ushahidi wa namna nyingine kuhusu njia na utunzaji wake. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na wapagazi kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa, ikavuka Ugogo, ikapanda ukingo huu kuelekea Tabora na Ujiji. Njia ile ilikuwa ya kupita mtu mmoja nyuma ya mwenzake, na haikuwa na wahandisi. Ilidumu kwa sababu ilipitiwa daima, na kwa sababu watemi wa Wagogo waliokuwa na mamlaka juu ya visima na mabwawa walitoza ushuru kwa kila msafara. Wasafiri wa Kizungu waliulalamikia ushuru huo katika vitabu vyao, lakini katika nchi kame kama hii maji ndiyo yaliyoifanya njia iwe njia, na wenye maji walikuwa na sababu ya kutaka misafara iendelee kuja. Miaka ya 1890 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Kilimatinde, na mji ukawa makao ya utawala kwenye barabara kuu ya kati. Kisha ikaja reli. Ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na katika sehemu hii ilipita kaskazini, Saranda na Manyoni, ikaiacha Kilimatinde kando. Leo makao makuu ya wilaya yako Manyoni. Ukingo ulibaki palepale. Kilichohama ni fedha, mikono na macho ya watu waliokuwa na sababu ya kuitunza ile njia ya zamani. Mahali huishi au hufifia kufuatana na nani anaitunza njia yake, hata pale ambapo mji wenyewe haukutenda kosa lolote.

Na bado Kilimatinde ina watu wanaoihitaji njia kuliko miji mingi iliyo kando ya lami. Hospitali ya Kanisa Anglikana iliyopo hapo hupokea wagonjwa kutoka vijiji vya juu na vya chini ya ukingo. Wilaya ya Manyoni hulima alizeti, ufuta, mtama na uwele, na katika miaka ya karibuni korosho. Kusini kuna mapori ya akiba ya Muhesi na Kizigo, chini ya mamlaka ya wanyamapori, TAWA, katika ukanda unaoungana na Hifadhi ya Ruaha. Huko porini somo la theluji linaonekana kwa uwazi zaidi, kwa sababu kambi za watalii katika ukanda wote wa kusini hufuata hali ya njia kama zile nyumba za misitu ya Norwei. Nyingi hufungwa mvua zinapokuwa kubwa, kwa kuwa gari likipita kwenye mbuga iliyolowa huacha mifuo itakayokauka na kudumu msimu mzima. Mvua zikiisha, majani hufyekwa, miteremko ya kuingia kwenye mito ya mchanga huchongwa upya kwa jembe, magogo huondolewa. Mwenye kambi hangoji aambiwe, maana mgeni akikwama ni hasara yake siku hiyohiyo. Mwanakijiji naye hupata hasara akikwama, pengine kubwa zaidi, lakini hasara yake haiandikwi kwenye daftari la mtu yeyote mwenye wajibu wa kuirekebisha.

Je, utunzaji wa kila wiki unawezekana kwenye barabara za vijijini Afrika? Kenya ilikwisha kujibu. Mwaka 1974 ilianzisha mpango wa barabara za vijijini uliojenga maelfu ya kilomita kwa nguvu ya mikono, na baada ya kujenga ikaweka utaratibu rahisi wa kutunza. Mtu mmoja, mara nyingi aliyeshiriki katika ujenzi na anayeishi kando ya barabara, alipewa kipande cha kilomita moja na nusu hadi mbili. Alipewa jembe, koleo, fyekeo na toroli, akalipwa kwa siku kadhaa za kazi kila mwezi. Kazi yake ilijulikana: kuzibua mitaro na makalavati kabla ya mvua na baada ya mvua, kufyeka majani, kujaza mashimo yakiwa bado madogo, na kurudisha mgongo wa barabara pale ulipobonyea ili maji yamwagike pembeni. Tanzania nayo ina misingi ya kazi hiyo. Mbeya kuna chuo cha kufundisha ujenzi wa barabara kwa nguvu kazi. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, umekuwa ukilipa kaya maskini kwa kazi za umma, zikiwemo barabara. Kigoma, kwa msaada wa Ubelgiji, yamejengwa madaraja ya mawe kwa mafundi na vifaa vya hapohapo, kwa gharama ndogo kuliko ya zege. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni utaratibu unaompa mtu fulani, kwa jina lake, kipande fulani cha barabara, mwaka mzima.

Hapa wengi watauliza habari ya fedha, na swali hilo ni la haki. Watasema nchi za theluji ni tajiri, zinaweza kumudu anasa ya kutengeneza njia kila usiku, na sisi tuna shule na zahanati za kujenga kwanza. Lakini hesabu inaelekea upande mwingine. Katika ripoti yake ya maendeleo ya dunia ya mwaka 1994, Benki ya Dunia ilieleza kwamba dola bilioni 12 zilizotumika kwa wakati katika matengenezo zingeiokolea Afrika dola bilioni 45 za kujenga upya barabara zilizoharibika. Kwa hiyo asiyetunza ndiye anayefanya anasa, tena kwa fedha ya kukopa. Tanzania ilielewa jambo hilo ilipoanzisha Mfuko wa Barabara kwa sheria ya mwaka 1998, inayotaka angalau asilimia 90 ya fedha zake zitumike kwa matengenezo. Fedha hizo hutoka kwenye tozo ya mafuta, na katika bajeti ya mwaka 2021/22 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, zinazosimamiwa na wakala wa serikali, TARURA, tangu mwaka 2017. Mtandao wa TARURA unazidi kilomita 100,000, na sehemu yake kubwa ni ya udongo. Fedha hazitatosha kuweka lami kote huko. Zaweza kutosha kulipa mikono ya kuzibua mitaro, kwa sababu jembe halinywi dizeli, na mtu anayeishi kando ya barabara halipwi posho ya safari.

Wengine watasema kwamba mazungumzo haya ya udongo yanatuchelewesha. Tudai lami, tumalize kazi mara moja. Hamu ya lami naiheshimu, na barabara kuu kutoka Dodoma kupitia Manyoni hadi Singida imeonyesha jinsi inavyobadili maisha. Lakini lami haiondoi sheria ya maji. Mtaro wa lami ukiziba, maji hupenya pembeni, hulainisha tabaka la chini, na lami hupasuka kuanzia kingo zake. Tofauti ni kwamba kuirekebisha ni ghali mara nyingi zaidi. Jamii isiyoweza kutunza mtaro wa barabara ya udongo haitaweza ghafla kutunza wa lami. Isitoshe, lami huja kwanza kwenye barabara kuu, na vijiji vya mwisho vitaendelea kwa miaka mingi kuishi na udongo. Kuwaambia wasubiri, bila kuwapa chochote kati ya leo na siku hiyo, ni kuwaambia wagonjwa wao nao wasubiri.

Yapo pia malalamiko ya wale wanaosikia neno utunzaji wakakumbuka kazi za lazima. Katika nchi hii barabara nyingi za zamani zilitengenezwa na watu waliolazimishwa na ukoloni, na hata msaragambo wa baadaye, yaani kazi za pamoja za kijiji, haukuwa wa hiari kila mahali. Mwananchi aliyekwisha kulipa tozo kwenye kila lita ya petroli ya bodaboda ana haki ya kuuliza kwa nini aitwe tena na jembe. Jibu langu ni kwamba ana haki kabisa, na kwa hiyo kazi hii lazima iwe ya malipo. Kilichofanya utaratibu wa Kenya ufanye kazi ni mkataba: kipande kinajulikana, kazi inajulikana, mkaguzi anapita, fedha inatoka. Kazi ya bure hufanyika siku ya kiongozi kuja, ikaachwa siku ya mvua, na siku ya mvua ndiyo inayohesabika. Wanawake, ambao ndio wengi wanaotembea barabara hizi na maji, kuni na watoto mgongoni, wapewe nafasi ya mbele katika mikataba hiyo. Fedha inayolipwa hivyo hubaki kijijini na kununua unga dukani, ilhali fedha ya greda huondoka pamoja na greda.

Pingamizi lililo gumu zaidi linahusu kufunga njia. Mwenye kutunza theluji hufunga njia iliyolainika, na wageni hungoja. Je, barabara ya hospitali inaweza kufungwa? Hapana, na hakuna anayepaswa kulipendekeza. Lakini magari hayalingani. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu hukua kwa kasi kuliko uzito: ekseli yenye mzigo maradufu huharibu takriban mara 16. Majaribio yale yalihusu lami na zege. Udongo uliolowa ni dhaifu zaidi. Ufini yenyewe, nchi alikojifunzia Boit, ina barabara nyingi za changarawe ambazo theluji ikiyeyuka hugeuka tope. Serikali huko huweka vizuizi vya muda vya uzito, hutangaza barabara zinazohusika, na huruhusu safari za lazima. Kameruni ina vizuizi vya mvua, mageti yanayoshushwa mvua ikinyesha na kwa saa kadhaa baada yake, ili malori yangoje mpaka barabara ikauke kiasi. Geti kama hilo juu ya ukingo wa Kilimatinde lingeliruhusu gari la wagonjwa, bodaboda na magari madogo, na kumwambia dereva wa Fuso yenye tani kumi za mkaa au alizeti angoje hadi kesho. Atapoteza siku moja. Akipita, atawaachia watu wote mifuo ya msimu mzima. Wasiwasi wa kweli ni kwamba mlinzi wa geti anaweza kupewa kitu kidogo akalifungua. Hatari hiyo hupungua pale saa za kufungwa zinapotangazwa hadharani na kila mtu kuzijua, maana lori linalopita wakati wa kizuizi litaonekana na kijiji kizima.

Utangazaji huo unanipeleka kwenye sehemu ya desturi ya theluji ambayo ni rahisi kuliko zote, na ambayo sisi tumeipuuza kuliko zote: kusema hali ya njia. Norwei kuna ramani za mtandaoni zinazomwonyesha msafiri ni saa ngapi zimepita tangu kila njia ilipopitiwa na mashine. Taarifa hiyo hufanya mambo mawili kwa pamoja. Humwokoa msafiri na safari ya hatari, na humweka wazi anayepaswa kutunza, kwa kuwa njia isiyopitiwa kwa siku tatu inaonekana na kila mtu. Kijijini kwetu habari hizi zipo tayari, vichwani mwa vijana wa bodaboda wanaopita kila siku, lakini hubaki kijiweni. Zikiandikwa kila asubuhi ya masika kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na kutumwa kwenye kundi la simu, muuguzi atajua mapema kama gari la wagonjwa lipite upande gani, mkulima atajua asipakie leo, na mhandisi wa wilaya atapata kumbukumbu ya kalavati lililoziba kabla halijabebwa na maji. Gharama yake ni chaki na salio la simu.

Mwanzo wa haya hauhitaji sheria mpya wala mfadhili. Barabara zinazoingia Kilimatinde zigawanywe vipande vya kilomita mbili, kila kipande kipewe mtu mmoja kwa mkataba wa mwaka mzima, na kazi ya kwanza iwe kuzibua kila mtaro na kila kalavati kabla ya mwisho wa Novemba. Greda liendelee kuja, lakini lije udongo ukiwa na unyevu, mvua zikiwa zinaishia, likifuatwa na mashine ya kushindilia. Na lisichonge mahali pasipo na kifusi cha kurudisha. Geti la mvua lijaribiwe kwenye mteremko mmoja tu, kwa msimu mmoja, na matokeo yake yaandikwe. Baada ya masika mawili halmashauri ya Manyoni itakuwa na hesabu yake yenyewe: imetumia kiasi gani, barabara imekatika siku ngapi, wagonjwa wangapi wamechelewa. Hesabu hiyo ikikataa hoja ya makala haya, hoja iachwe. Ikikubali, utaratibu uenezwe hadi vijiji vya chini ya ukingo, ambako tope ni zito zaidi na wasafiri wana njia chache za kuchagua.